Jinsi ya kukagua gemu ya katuni kabla hujampa mtoto

Nina kibanda cha gemu Mbagala, huu ni mwaka wa saba. Televisheni nne, PS3 mbili, PS4 mbili, nusu saa shilingi 500. Haipiti wiki bila mzazi kusimama mlangoni, kuitazama skrini anayochezea mwanawe na kuniuliza: "Mwanangu, hii si katuni tu?" Wengine hunipigia simu wakiwa Kariakoo, kishikwambi kiko mkononi, wanataka jibu kabla muuzaji hajafunga mfuko. Swali ni lilelile, na jibu lake halitoshi kutolewa mlangoni, ndiyo maana nimeliandika.

Naelewa tunakosea wapi. Watoto wetu wamekua na Ubongo Kids na Akili and Me, katuni zinazotengenezwa hapahapa Dar, za kuwafundisha hesabu, herufi na tabia njema. Tukiona mchoro wenye rangi na macho makubwa tunadhani ni wa watoto. Lakini zipo katuni zilizochorwa kwa ajili ya watu wazima tangu mwanzo. South Park inaonyeshwa Marekani tangu 1997. Wahusika wake ni watoto wanne wa shule waliovaa kofia na makoti ya baridi. Gemu yake ya 2014, The Stick of Truth, Ulaya waliipa namba 18, yaani ni ya wenye miaka 18 na kuendelea.

Hiyo niliijua kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilimpelekea fundi PS3 anijazie gemu. Alijaza ishirini na kitu. Nikaziwasha moja moja kuona kama zinafunguka, nikaridhika. Mtoto wa miaka minane akaichagua hiyo kwa sababu ya picha. Nilikuwa nje nahangaika na waya wa umeme. Niliporudi ndani alikuwa ameshasikia matusi na kuona mambo ambayo mimi mtu mzima niliona haya kuyatazama. Jioni nikaenda kwa mama yake kumweleza mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza jambo moja: "Uliicheza kabla ya kumwekea?" Sikuwa nimeicheza.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Jina kamili la gemu, pamoja na namba yake kama ipo (ya 2, ya 4).
- Simu yenye bando la kutosha kutazama video ya dakika kumi.
- Muda wako, kama saa moja kwa jumla. Unaweza kuugawa siku mbili.
- Spika zilizo wazi. Usivae visikilizi, na usizime sauti.
- Umri wa mtoto, na yale unayoyajua wewe tu: anaogopa giza? Anaota ndoto mbaya? Amewahi kupata degedege au kifafa? Ana hasira akishindwa?

Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Namba zilizoandikwa kwenye maboksi hazimjui mwanao.

Hatua ya 1: Tafuta jina la gemu, si jina la katuni

Mtoto atakwambia "nataka ya Naruto" au "nataka ya Tom". Hilo halitoshi, kwa sababu katuni moja inaweza kuwa na gemu nyingi, na zikatofautiana sana. Mwambie akuonyeshe picha ya kwanza inayotokea gemu inapofunguka, uandike maneno yote yaliyo hapo.

Kwenye simu, tazama pia jina la mtengenezaji, limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la gemu. My Talking Tom halisi ni ya Outfit7. Ukiona paka yuleyule ila mtengenezaji ni jina lisiloeleweka, hiyo ni ya kuiga, na gemu za kuiga mara nyingi hujazwa matangazo hadi mtoto hachezi, anafunga matangazo tu. Iache hapohapo, usiendelee hata na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya umri

Kuna mifumo miwili utakayokutana nayo hapa mjini, kwa sababu diski zetu hutoka pande zote.

Diski za Ulaya zina alama ya PEGI, kiboksi chenye namba 3, 7, 12, 16 au 18. Za Marekani zina alama ya ESRB, herufi nyeusi kwenye boksi jeupe: E ni kwa wote, E10+ ni kuanzia miaka kumi, T ni kuanzia 13, M ni kuanzia 17, na AO ni watu wazima peke yao. Kwenye Play Store utaona namba kama 3+, 7+ au 12+ karibu na nyota.

Diski nyingi zinazouzwa hapa hazina boksi. Zina jina lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Usikate tamaa. Andika kwenye Google jina kamili la gemu, kisha neno PEGI au ESRB. Ni bure. Tovuti ya ESRB hukueleza hata matukio yaliyomo, kwa Kiingereza chepesi.

Mifano niliyoihakikisha, ili uone namba zinavyotofautiana ingawa zote ni katuni: My Friend Peppa Pig ya 2021 ni PEGI 3. Naruto Shippuden: Ultimate Ninja Storm 4, ambayo vijana wa hapa kwangu wanaipigania, ni PEGI 12 na T. The Simpsons: Hit & Run ya 2003, ambayo bado ipo kwenye PS2 nyingi mitaani, ni T: unaendesha gari mjini, unagonga vitu, unapiga teke wapita njia. Damu haimwagiki, lakini mtoto wa miaka sita hajui kwamba wale wapita njia walichorwa ili wachekeshe.

*Angalizo.* Namba haipimi ugumu, wala haipimi maadili ya nyumbani kwako. Chukua Cuphead, ya 2017, iliyochorwa kama katuni za miaka ya 1930. Ulaya waliipa 7. Hadithi yake ni ya ndugu wawili wanaocheza kamari kwenye kasino ya shetani, wanashindwa, kisha wanatumwa kukusanya madeni ya watu ili waokoe roho zao. Tena ni ngumu mno. Nimeona vijana wa kidato cha nne wakitupa pedi chini. Kuna wazazi wataona hadithi hiyo haina tatizo, na wapo ambao hawataitaka ndani ya nyumba. Hilo la kuamua ni lako.

Hatua ya 3: Soma maneno yaliyo chini ya namba

Karibu na namba huwa kuna alama au maneno mafupi: vurugu, hofu, lugha chafu, kamari, ununuzi ndani ya gemu, wachezaji kuwasiliana. Dakika moja inatosha. Gemu ya 7+ kwa sababu ya "hofu" na gemu ya 7+ kwa sababu ya "vurugu" ni vitu viwili tofauti kwa mtoto anayelala akiwa amewashiwa taa.

Na hapa niwaambie kuhusu gemu za midoli. Mtamkumbuka yule mdoli wa bluu mwenye mikono mirefu na meno, aliyeuzwa hadi kwenye foleni za magari. Anaitwa Huggy Wuggy, ametoka kwenye gemu iitwayo Poppy Playtime iliyotoka 2021, na kazi yake humo ni kumkimbiza mtu kwenye kiwanda chenye giza. Five Nights at Freddy's nayo ina dubu, sungura na kuku wa mgahawa, na imetengenezwa ili ushtuke hadi upige kelele. Watoto huanza kwa kumpenda mdoli, ndipo wanaitafuta gemu.

Hatua ya 4: Tazama mtu mwingine akiicheza

Fungua YouTube, andika jina la gemu na neno "gameplay". Usitazame tangazo la watengenezaji. Hilo ni kama picha ya chipsi kwenye bango. Tazama video ya mtu anayecheza kweli. Ruka hadi katikati, tazama dakika tatu, kisha ruka hadi karibu na mwisho. Gemu nyingi za katuni huanza kwa upole, mambo mazito huja baadaye, na mzazi aliyetazama dakika mbili za mwanzo anaondoka akidhani ameona yote.

Hatua ya 5: Icheze mwenyewe dakika ishirini

Hatua hii ndiyo wazazi huiruka, na ndiyo ambayo siwezi kukuruhusu uiruke. Huhitaji kujua kucheza. Ukiwa hujui ni bora zaidi, maana utashindwa mara nyingi, na ninataka ushindwe.

Fanya mambo manne.

Kwanza, *shindwa makusudi*. Simama tu, acha adui akupige. Tazama mhusika anaangukaje. Anazunguka na nyota kichwani kisha anainuka? Anatoa sauti ya maumivu? Anakatika? Mtoto atalitazama tukio hilo mara mia, kuliko tukio lingine lolote, kwa sababu atashindwa kila baada ya dakika mbili.

Pili, *mpige asiyekukosea*. Kama gemu ina watu wanaopita, wanyama au watoto, jaribu kuwagonga. Gemu nzuri ya watoto ama haikuruhusu, ama haikupi chochote. Ukiona unaongezewa pointi au sarafu kwa kumpiga mpita njia, umeshapata jibu kwa mtoto wa darasa la kwanza.

Tatu, *sikiliza*. Geukia ukutani kwa dakika mbili, mtu mwingine acheze. Matusi, mihemo, vicheko vya kutisha na nyimbo chafu ni rahisi kukupita ukiwa unazitazama picha zinazopendeza. Ndiyo maana nikasema usivae visikilizi.

Nne, *jaribu kuacha*. Bonyeza ili utoke. Je, inakuruhusu kuhifadhi ulipofika? Au inakwambia ukitoka sasa utapoteza zawadi ya leo, paka atalia, mimea itakauka? Ugomvi mwingi wa "zima hiyo simu uje ule" unaanzia hapo. Mtoto anakuwa amefungwa na gemu iliyotengenezwa asiweze kutoka, na sisi tunamwita mkaidi.

*Angalizo.* Usimpe kaka yake wa kidato cha pili kazi hii. Atakwambia "iko poa" kwa sababu anaitaka yeye.

Hatua ya 6: Fuata pesa

Gemu ya bure ina mahali inapopatia pesa, na kazi yako ni kupaona. Kwenye Play Store, chini ya jina la gemu, husomeka kama ina matangazo na kama ina ununuzi ndani yake. Ukishuka hadi maelezo ya programu utaona hata bei, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani kwa kitu kimoja. Soma hiyo ya juu, wazazi hushtuka.

Fungua duka lililo ndani ya gemu. Kama vitu vinauzwa kwa bei inayoonekana, unajua unanunua nini. Kama unauziwa boksi ambalo hujui ndani kuna nini hadi ulilipie, lifunguke kwa mwanga na muziki, mtoto ashike pumzi, basi hilo ni dubwi. Ni lilelile dubwi la kwenye kona za mitaa yetu, limevalishwa sura ya katuni. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba maboksi ya namna hiyo yanayolipiwa ni kamari chini ya sheria zake. Mimi mtoto wa chini ya miaka 13 simruhusu kabisa gemu yenye kitu hicho, hata kama iliyobaki ni nzuri.

Na usidhani kampuni kubwa zina huruma. Desemba 2022 Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, walikubaliana na serikali ya Marekani kulipa dola milioni 245 ili warudishiwe watu waliotozwa kwa vitu ambavyo hawakukusudia kununua, na sehemu ya malalamiko ilihusu watoto waliokuwa wakinunua bila wazazi kuridhia.

Kinga yake: kama simu yako imewahi kuunganishwa na kadi au njia yoyote ya malipo, ingia Play Store, bonyeza picha ya akaunti, nenda Mipangilio, na uweke sharti la kuthibitisha *kila* ununuzi. Na PIN ya M-Pesa usiitaje mbele ya mtoto. Wanaikariri kwa mara moja.

Kuhusu matangazo: cheza dakika tano ukiwa umewasha data, uone yanayotokea. Gemu ya paka ya watoto wa miaka mitatu inaweza kuleta tangazo la kubeti. Kama gemu inakubali kuchezwa bila intaneti, kama Subway Surfers, zima data kabla ya kumkabidhi simu. Bando lako nalo litapona.

Hatua ya 7: Kagua nani anaweza kumwandikia

Tafuta alama ya maongezi, kipaza sauti, au orodha ya marafiki. Ukiikuta, jua kwamba namba ya umri uliyoiona haihusiani na yatakayosemwa humo. Mtu yeyote popote anaweza kuwa upande wa pili. Zima maongezi kwenye mipangilio ya gemu. Kama hayazimiki, gemu hiyo ni ya mtoto mkubwa, aliyeshaelewa kwa nini hatoi jina lake, shule yake wala picha yake.

Hatua ya 8: Kaa naye mara ya kwanza

Mkalishe, kaa pembeni, acha acheze dakika kumi na tano. Usiangalie skrini, mwangalie yeye. Mabega yamepanda hadi masikioni? Anauma midomo? Anakuelekea wewe kila sauti ikitoka? Anacheka na kukusimulia? Gemu inayomfaa humfanya aongee.

Kama amewahi kupata kifafa, chukua tahadhari na mwanga unaowaka na kuzima haraka. Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon chenye mwanga wa namna hiyo kilipeleka mamia ya watoto hospitalini. Muulize daktari wake kwanza, chumba kisiwe na giza, na akae mbali na televisheni.

Wadogo kabisa wana utaratibu wao. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba walio chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku, tena pungufu ni bora. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, hatua zote hizi hazikuhusu bado.

Hatua ya 9: Toa uamuzi, na umwambie sababu

Kuna majibu matatu: ndiyo, ndiyo kwa sharti (bila data, sebuleni, pamoja na mimi), na bado. Tumia "bado" badala ya "hapana" kama tatizo ni umri, na umtajie mwaka: "Ukifika darasa la sita tutaiangalia tena pamoja." Mtoto aliyeelezwa hajifichi sana. Aliyenyang'anywa simu bila neno huja kwangu na 500 ya nauli.

Ukikwama

*Gemu haina namba popote.* Gemu iliyorushwa na rafiki kwa Xender (programu ya kutumiana mafaili) haikupita Play Store, na hata udhibiti wa wazazi uliouweka humo hauizuii. Ichukulie kuwa ya watu wazima hadi umalize hatua ya 4 na ya 5. Kumbuka pia kwamba udhibiti huo hauondoi gemu zilizokwishaingia kwenye simu. Zifute mwenyewe kwa mkono.

*Sijui Kiingereza, na hii inaongea Kijapani.* Hatua ya 5 haihitaji lugha, isipokuwa kusikiliza. Kwa hilo mwombe mwalimu wake, au binti wa jirani aliye chuoni, akae nawe dakika kumi.

*Ameshaizoea, na nimegundua haifai.* Usiifute usiku akiwa amelala. Mwambie mchana, tafuta nyingine ya katuni ileile au inayofanana, muicheze pamoja, ndipo muifute ile ya kwanza mbele yake. Siku tatu nne atanuna. Zitapita.

*Ana ndoto mbaya tangu aicheze.* Mwachishe kabisa gemu hiyo, na pia video zake za YouTube; mara nyingi gemu imeondoka lakini video zimebaki. Mwache akusimulie yule mdudu alivyo, bila kumcheka.

*Wakubwa na wadogo wanatumia televisheni moja.* Gemu za T na M zichezwe wadogo wakiwa wamelala au wako madrasa. Mdogo anayetazama kutoka mlangoni anaona kila kitu anachoona anayecheza.

*Anachezea kibandani, sipo.* Nenda wewe mwenyewe siku moja, mchana, usimtume mtoto. Mpe mwenye kibanda jina la mwanao, umri wake, na gemu usizozitaka. Mimi nina daftari la namna hiyo chini ya meza, na wazazi wanalifuata. Akikujibu kwamba hizo ni katuni tu, mwombe aiwashe mbele yako, vuta kiti, na umlipie nusu saa.